Lisilonuka limezama, linalonuka linamkohoza mtoto

Shangazi, salaam alaykum.

Sijawahi kukuandikia kwa sababu mengi ninayoyasoma hapa ni ya ndoa, na ndoa yangu, alhamdulillahi, imetulia. Langu ni la magodoro. Naomba unisikilize.

Naishi Bombo. Mume wangu ni askari mstaafu, mimi nauza chapati na chai asubuhi kando ya barabara ya Gulu. Miezi mitatu iliyopita binti yetu Zaituni alirudi nyumbani akiwa mjamzito, ajifungulie kwetu. Nikaona haya kumlaza binti yangu na mgeni anayekuja juu ya godoro tulilolilalia tangu baba yake yuko kazini. Nikapanda teksi hadi Kampala, nikaingia duka moja, nikaonyeshwa godoro la 4 kwa 6, inchi 6, lebo yake imeandikwa kwa herufi kubwa "hai densiti". Muuzaji alinishika kiganja akakikandamiza juu yake. "Mama, sikia lilivyo gumu. Utazeeka nalo." Na kweli lilikuwa gumu, wala halikuwa na harufu hata kidogo. Nikalipa shilingi 230,000. Likakunjwa, likafungwa kamba, na kijana wa boda akalinyanyua kwa mkono mmoja.

Sasa Zaituni amejifungua, mtoto ana miezi miwili, na pale mama anapolala pamekuwa shimo. Ukiweka chungwa pembeni linabingirika lenyewe hadi katikati. Mgongo unamuuma, na usiku mtoto anateleza hadi ubavuni mwa mama yake. Wiki iliyopita nikafumua mshono kwa wembe. Ndani nikakuta vipande vipande: vya pinki, vya kijani, vyeupe, vingine vya kahawia, vimegandishwa kwa gundi, na juu yake tabaka la sponji nzima lisilozidi unene wa kidole.

La pili ni la Swaleh, kijana wetu wa Senior One, yuko bweni. Likizo hii nimemnunulia godoro jipya, 3 kwa 6, inchi 4, duka lingine kabisa. Hili lina alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na jina la kiwanda. Lakini linanuka kama rangi ya mafuta mbichi, na Swaleh ana pumu. Usiku wa kwanza alikohoa hadi tukamtolea pampu yake. Tukalirudisha kwenye nailoni yake, limeegemea ukutani mpaka leo.

Shemeji yangu anasema sponji zote ni sumu, zinaleta kansa, tuyachome yote mawili nyuma ya nyumba. Mama mkwe anataka tushone la pamba kama zamani. Seremala jirani yetu anataka kulinunua lile bovu ajazie makochi. Mume wangu anasema tuulize wanaojua. Nina akiba ya shilingi 300,000, na shule inafunguliwa baada ya wiki tatu. Nifanyeje?

Mama Zaituni, Bombo

* * *

Waalaykum salaam, dada yangu Mama Zaituni.

Kabla ya harufu na kabla ya pesa, naanza na jambo ambalo hukuniuliza. Usiku wa leo huyo mjukuu asilale kwenye lile shimo. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujigeuza wala kuinua kichwa akajinasua. Akiteleza hadi ubavuni mwa mama yake, pua ikabanwa na nguo au na sponji yenyewe, anaweza kukosa hewa kimya kimya na mama amelala fofofo. Watoto wachanga wanatakiwa walazwe chali, mahali pagumu na palipo sawa, bila mto, bila blanketi lililovimba karibu na uso. Huna haja ya kununua kitanda cha mtoto. Tandika mkeka chini, juu yake blanketi moja lililokunjwa na kubanwa likawa bapa, ningʼiniza chandarua, na mama alale hapo hapo karibu naye, kila mmoja na sehemu yake. Zaituni akimnyonyesha usiku amrudishe mahali pake. Ukishafanya hivyo, rudi usome yaliyobaki.

La pili la haraka: usichome godoro. Najua shemeji ana nia njema, lakini sponji ya godoro ikishika moto inawaka upesi sana, na moshi wake una gesi ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni pamoja na sayanidi. Moshi huo ndio unaoua watu ndani ya nyumba kabla ya moto kuwafikia. Mkichoma nyuma ya nyumba, upepo utauingiza dirishani, na ndani mna kichanga na kijana mwenye pumu.

Sasa tuje kwenye godoro lenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa fundi makochi pale Katwe kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kumnunulia sponji. Nilidanganywa mara nyingi mwanzoni. Kwa hiyo ninayokuandikia hapa mengi nimeyashika kwa mikono yangu.

Barua yako ina magodoro mawili, na umeyahukumu kwa pua na kwa kiganja. Lisilonuka ulilipokea kwa furaha, linalonuka umelifungia ukutani. Mimi nikisoma maelezo yako naona huenda mambo yako kinyume: linalonuka ndilo zima, na lisilonuka ndilo lililokuibia.

Sponji ya godoro inaitwa poliyurethani. Mjerumani Otto Bayer na wenzake ndio waliovumbua namna ya kuitengeneza mwaka 1937, na kuanzia miaka ya 1950 ikaanza kuingia kwenye magodoro na makochi duniani. Inaumuliwa karibu kama unavyoumua maandazi. Kiwandani wanachanganya vimiminika viwili vikubwa, kimoja kinaitwa polioli, kingine isosayaneti, pamoja na maji kidogo na dawa za kuharakisha. Maji yakikutana na isosayaneti hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ile ile inayovimbisha unga wenye hamira, na mchanganyiko unafura kwa dakika chache tu ukawa mlima wa sponji. Ndani ya huo mlima joto linapita nyuzi 100, ndiyo maana bonge jipya huachwa lipoe na kukomaa kwanza, siku nzima au zaidi, halafu ndipo linakatwa.

Isosayaneti ikiwa bado mbichi ni hatari kweli. Wafanyakazi wa viwandani wanaoivuta bila kinga wanaweza kupata pumu wasiyokuwa nayo. Lakini sponji ikishakomaa, ile isosayaneti imekwisha kutumika, imegeuka sponji, kama vile hamira haibaki hamira ndani ya andazi lililoiva. Harufu uliyoisikia wewe inatokana zaidi na mabaki ya zile dawa za kuharakisha, na mara nyingine gundi na kitambaa cha kava. Mabaki hayo yanaruka hewani siku za mwanzo, kisha yanapungua. Godoro lililotoka kiwandani juzi likafungwa nailoni bado limeishika harufu yake yote. Ninyi mkamlaza Swaleh usiku ule ule, kisha mkalirudisha ndani ya nailoni. Harufu itatokea wapi, dada yangu?

Hii haina maana kwamba kikohozi cha Swaleh ni cha kupuuzwa. Mwenye pumu anachokozwa na harufu ambayo wewe na mimi tunaizoea kwa saa moja. Fanya hivi: vua nailoni yote na uitupe. Kama kava lina zipu, livue ulifue na kulianika. Sponji yenyewe isimamishe kwa ubavu chumba kisicholaliwa na mtu, madirisha wazi, au barazani kwenye kivuli, upepo upite pande zote mbili. Usiianike juani kutwa nzima, kwa sababu jua linaigeuza sponji njano na kuila polepole mpaka inakuwa ya kuvunjika kama keki kavu. Wiki moja ya hewa kwa kawaida inatosha. Una wiki tatu. Ikifika wiki ya pili ukiinamisha uso ukavuta pumzi na bado inakuwasha macho au koo, hilo godoro lina kasoro. Lirudishe na risiti, Swaleh asilitumie.

Na shemeji mjibu kwa upole. Hofu yake ya kansa ina mzizi, ila ameitupia mahali pasipo pake. Zamani, Marekani hasa, sponji za makochi na vitanda zilikuwa zikitiwa dawa za kuzuia moto, na baadhi yake zikagunduliwa kuwa zinatoka pamoja na vumbi, zinaingia mwilini na kukaa humo. Mwaka 2009 dawa mbili za jamii hiyo ziliingizwa kwenye orodha ya sumu zinazopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm. Lakini mkataba huo huo uliacha mlango: nchi zilizojiandikisha zinaweza kuendelea kusaga na kutumia tena sponji za zamani zenye dawa hizo hadi mwaka 2030. Kwa hiyo kama kuna godoro la kuliogopa kwa habari ya sumu, mimi naogopa la vipande ambavyo hakuna anayejua vilitoka kwenye kochi la nani na nchi gani, kuliko sponji mpya iliyotoka kiwandani nzima.

Hapo ndipo lilipo godoro la Zaituni. Nisieleweke vibaya: sponji ya vipande ni biashara halali. Kiwandani kila bonge likikatwa yanabaki makombo, yanasagwa, yanachanganywa na gundi, yanashindiliwa kwa mvuke mpaka yanakuwa ubao mzito na mgumu. Mume wangu alikuwa akiutumia chini ya viti vya ofisi, na ulidumu. Ukiukata unaona madoadoa ya rangi nyingi, lakini yameshikana pasipo pengo, na uzito wake unakushangaza. Wewe umekuta vipande vikubwa vilivyobandikwa kwa mkono, na godoro zima la 4 kwa 6 likanyanyuliwa kwa mkono mmoja. Huo si ubao wa kiwanda. Ni mabaki yaliyokusanywa, na vile vya kahawia vinanitia shaka kwamba vimeshatumika, kwa maana sponji nyeupe ikizeeka hugeuka njano na kuelekea kahawia. Juu yake wakaweka tabaka nyembamba ili kiganja chako kisiguse ukweli. Gundi iliyokauka ndiyo ugumu uliousikia dukani. Mtu akilala, gundi inaachia kipande kimoja kimoja, na shimo linachimbika pale penye nyonga.

Ndiyo maana nawaambia akina mama kila siku: kiganja hakijui densiti. Ugumu na densiti ni vitu viwili. Densiti ni kilo ngapi za sponji zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Mwenye kiwanda anaweza kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu, na anaweza kutengeneza nzito ikawa laini. Ni suala la dawa tu. Dukani nyepesi ngumu na nzito ngumu zinafanana. Baada ya miezi mitatu zinaachana, kwa sababu nyepesi ina kuta nyembamba kati ya matundu yake na mwili wa mtu unazivunja, hazirudi tena.

Na neno "hai densiti", yaani densiti ya juu, kwenye lebo, bila namba, halina maana yoyote. Hai kuliko ipi? Lebo ya kuaminika inataja namba: 18, 23, 25, 30. Na namba hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe bila mashine, kwa mizani tu. Hapa naomba uchukue kalamu.

Zidisha urefu na upana kwa futi, kisha zidisha kwa unene kwa inchi. Godoro la 4 kwa 6 inchi 6 linakupa 144. La Swaleh, 3 kwa 6 inchi 4, linakupa 72. Weka namba hiyo pembeni. Pima godoro kwa kilo, toa nusu kilo hadi kilo moja ya kava kutegemea uzito wa kitambaa, kisha kilo zilizobaki zidisha kwa 424 ugawe kwa ile namba ya pembeni. Jibu ndilo densiti.

Tujaribu. Godoro la 4 kwa 6 inchi 6 lina kilo 6 za sponji. Sita mara 424 ni 2,544, gawa kwa 144, unapata chini kidogo ya 18. Muuzaji akikuambia hiyo ni hai densiti, mshukuru uondoke. Godoro la ukubwa huo huo likiwa la densiti 25 linatakiwa liwe na kilo 8 na nusu za sponji, na la 30 lipite kilo 10. Sasa rudisha kumbukumbu zako kwa yule kijana wa boda. Kama ungekuwa na mizani siku ile, shilingi 230,000 zingekuwa bado ziko nawe.

Mizani yoyote inafaa. Ile ya ndoano wanayopimia kahawa na maharage, au ya kusimama ya zahanati: unajipima wewe, unajipima tena umebeba godoro, unatoa. Maduka mengi yamezungukwa na wauza nafaka, omba upimiwe kwa shilingi chache. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukataza. Akikataza, umekwisha kupata jibu lako.

Wanaojua kwamba wateja wameanza kupima nao wana ujanja wao. Wengine wanachanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili uzito upande bila nguvu kupanda. Fungua zipu, sugua sponji kwa vidole viwili kwa nguvu, kisha papasa vidole. Ukiona unga mweupe au sponji inakatika chembechembe kama mkate mkavu, acha. Sponji nzuri ukiibana kwa vidole ukaiachia inarudi mara moja, na ukiivuta pembe inanyumbuka kwanza. Ujanja mwingine ni wa unene: inchi 6 ya lebo ukiipima kwa tepu ndani ya kava inakuwa 5. Ukitumia namba ya lebo kwenye hesabu yangu utapotea, kwa hiyo tepu ni lazima. Na zipu isiyofunguka zaidi ya pembe moja inanitia wasiwasi siku zote, maana pembe ndipo wanapoweka kipande kizuri. Omba ifunguliwe hadi katikati, uone kwa macho kwamba ni sponji moja toka juu hadi chini, au kama ni tabaka mbili, uonyeshwe zote.

Rangi isikusumbue. Pinki, kijani, buluu, hiyo ni rangi tu wanayotia kiwandani ili watofautishe aina zao, na kila kiwanda kina utaratibu wake. Jirani akikuambia "ya kijani ndiyo ngumu," anasema habari za kiwanda kimoja.

Alama ya UNBS, ile wengi wanayoiita Q-mark, ina maana kwamba kiwanda kimepewa kibali baada ya bidhaa yake kupimwa kwa viwango vya nchi. Itafute, isome pamoja na jina la kiwanda na ukubwa, na uhakikishe imechapwa kwenye kava au kwenye lebo iliyoshonwa, maana ya karatasi iliyobandikwa inaweza kubandikwa na yeyote. Hata ikiwepo, pima. Godoro likiwa limeagizwa kutoka nje unaweza kukuta alama za OEKO-TEX au CertiPUR. Hizo zinahusu hasa usalama: kwamba metali kama risasi na zile dawa mbaya za kuzuia moto hazimo, na mvuke unaotoka hauzidi kiwango fulani, kwa CertiPUR ya Marekani ni chini ya sehemu 0.5 kwa milioni. Hazitoshi kukuhakikishia kwamba litadumu. Godoro linaweza kuwa salama kabisa kwa mapafu na likazama kwa mwaka mmoja.

Mama mkwe naye ana haki yake. Pamba haina harufu ya kiwandani, na wazee wetu walilalia pamba na sufi wakaamka wazima. Lakini pamba inagandamana, inahitaji kufumuliwa na kuchambuliwa upya mara kwa mara, na isipoanikwa inashika unyevu na vumbi, na humo wadudu wadogo wa vumbi wanaowachokoza wenye pumu wanastarehe. Kwa Swaleh, huko bweni ambako hakuna atakayemwanikia, hapana. Kama mama mkwe anataka la kwake, mshoneeni, na liwe linaanikwa kila wiki.

Sasa pesa. Kwanza lirudishe godoro la vipande ulikolinunua. Piga picha za ndani, za lebo, za shimo, nenda na risiti na shahidi, zungumza kwa utulivu ukidai pesa zako. Wakikukatalia, peleka malalamiko UNBS, makao yao yako Bweyogerere, ukiwa na picha hizo na godoro lenyewe likiwezekana. Kwa hiyo usimuuzie seremala kwa sasa, hicho ndicho kithibitisho chako. Mambo yakikwama kabisa basi mpe, lakini amwambie mteja wake kilichomo, na vile vipande vya kahawia avitoe.

Zile 300,000 ni za Zaituni. Usishawishiwe na unene. Bei ya sponji inafuata kilo, na watu wetu wanapenda kitanda kinachoonekana kirefu, kwa hiyo wauzaji wanazitawanya kilo hizo hizo zikawa ndefu na dhaifu. Fanya hesabu utaona: 4 kwa 6 inchi 4 ya densiti 25 ina kilo 5 na nusu na ushee za sponji. Inchi 6 ya densiti 16 ina kilo 5 na nusu pungufu. Sponji ni karibu ile ile, ila ya kwanza itambeba binti yako kwa miaka na ya pili itazama. Kwa mtu mzima anayelala kila usiku mimi sishuki chini ya 23, na wakilala wawili napenda 28 kwenda juu. Kijana wa Senior One anaweza kutosheka na 20 kama ni mwembamba. Pesa zikitosha inchi 6 ya densiti 25, vizuri. Zisipotosha, punguza inchi, usipunguze densiti.

Halafu angalia kitanda chenyewe kabla hujalaumu godoro linalokuja. Chaga zikiachana zaidi ya inchi tatu, sponji inashuka katikati yake hata ikiwa ya 30. Mwambie huyo seremala aongeze mbao, hiyo kazi haimalizi saa mbili. Na msiliweke godoro moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, litaota ukungu upande wa chini bila ninyi kujua.

Kwa Swaleh nina neno moja tu la bweni. Mabweni yameungua nchini mwetu zaidi ya mara moja, na watoto wamekufa. Godoro la sponji halipendi mshumaa, tadooba (koroboi) wala dawa ya mbu ya kuwasha. Mnunulie tochi ndogo, na mwambie asiweke chochote kinachowaka karibu na kitanda chake wala cha mwenzake. Kava la godoro lifuliwe kila likizo, na nailoni ya duka isirudi tena juu yake hata kama matroni atasema inazuia uchafu, kwa sababu inateleza, inazuia hewa na inamtoa jasho.

Jumamosi, kabla hujaenda mjini, azima mizani ya muuza maharage na ulipime kwanza hilo la Swaleh lililoegemea ukutani. Namba yako ya pembeni ni 72. Likiwa na kilo 4 za sponji, densiti yake inapita 23, na kijana amepata godoro zuri linalohitaji upepo tu. Likiwa na kilo 3 halifiki 18, na hapo tutazungumza tena. Niandikie ni kilo ngapi, na uniambie mjukuu amelalaje.

Shangazi yako